Amin wa Olita na Amin wa Whitaker

Idi Amin alitoroka Kampala Aprili 1979. Kabla mwaka mmoja haujapita, filamu kuhusu maisha yake ilikuwa tayari inapigwa nchini Kenya. Aliyevaa magwanda yake, medali zikiwa zimejaa kifuani, alikuwa Joseph Olita, mwigizaji wa Kenya kutoka Siaya. Kimo, kitambi na uso wake vilikaribiana mno na vya dikteta huyo. Ukiona picha ya Olita bila maelezo, unaweza kuapa kuwa umemwona Amin mwenyewe. Filamu hiyo, *The Rise and Fall of Idi Amin*, iliongozwa na Sharad Patel na kutoka mwaka 1981. Kenya, Uingereza na Nigeria zilishirikiana kuitengeneza.

Robo karne baadaye hadithi ileile ikarudi. Mwaka 2006 Kevin Macdonald, mwongozaji kutoka Scotland, alitoa *The Last King of Scotland*, iliyotokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Safari hii Amin aliigizwa na Forest Whitaker wa Marekani, na Februari 2007 Whitaker akaondoka na tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume.

Kisheria filamu ya pili si marudio ya ya kwanza. Macdonald hakununua haki kutoka kwa Patel, na mswada wake una chanzo kingine. Lakini mtazamaji anayezitazama kwa zamu atakutana na mtu yuleyule, nchi ileile na matukio makuu yaleyale: mapinduzi ya Januari 1971, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, kifo cha kutisha cha Kay, mmoja wa wake zake, na ndege iliyotekwa na kupelekwa Entebbe mwaka 1976. Anayetaka kujua hadithi ya Afrika Mashariki inabadilika vipi inapotengenezwa upya kwa pesa nyingi na kwa watazamaji wa mbali hatapata mfano bora kuliko huu. Na msomaji wa Migori au Homa Bay ana sababu zake mwenyewe za kulinganisha, kwa kuwa mambo yanayosimuliwa yalifika hadi kwake.

Wakati wa Amin, Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja, South Nyanza, makao makuu yakiwa Homa Bay. Ng'ambo ya Ziwa Victoria kulikuwa na Uganda, na Uganda haikuwa nchi ya kusikika redioni tu. Vijana wa huku walikuwa wamekwenda kufanya kazi huko kwa miongo kadhaa: kwenye reli, viwandani, kwenye mashamba ya miwa, jikoni kwa matajiri. Mwaka 1970, kabla hata Amin hajashika madaraka, serikali ya Milton Obote iliwafukuza wafanyakazi Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo. Walirudi na masanduku yao na watoto waliokuwa wamezoea kuzungumza Kiganda. Kwa hiyo Amin alipotangaza mwaka 1972 kwamba Waasia wana siku 90 za kuondoka, kulikuwa na nyumba nyingi za Nyanza zilizojua maana ya kufunga mizigo Uganda kwa amri ya rais.

Kulikuwa na undugu pia. Waacholi, Walango na Wajopadhola wa Uganda huzungumza lugha za Kiluo, jamaa wa Dholuo ya Nyanza. Hao ndio walioanza kufa. Julai 1971, miezi sita tu baada ya mapinduzi, askari Waacholi na Walango waliuawa kwa wingi katika kambi za Mbarara na Jinja. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi, pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Msikilizaji wa Rangwe au Rongo aliposikia majina hayo kwenye taarifa ya habari, aliyasikia kama majina ya watu wa kwao.

Kisha kuna vitisho vilivyolenga Kenya yenyewe. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi kilomita 32 tu kutoka Nairobi, ilikuwa ardhi ya Uganda. Nyanza yote ilikuwa ndani ya ramani hiyo. Julai mwaka huohuo, baada ya ndege za Israeli zilizowaokoa mateka wa Entebbe kutua Nairobi na kujaza mafuta, Amin alilipiza kisasi kwa Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Inatajwa kwamba zaidi ya 200 waliuawa, na maelfu wakakimbia kuvuka mpaka.

Haya yote ni lazima yakumbukwe kabla ya kuiweka filamu yoyote kati ya hizi mbili kwenye mashine. Olita hakuwa akiigiza mtu wa hadithi za mbali. Alikuwa Mjaluo wa Kenya, mwenye umri wa mtu mzima katika miaka yote minane ya utawala ule, akivaa ngozi ya mtu aliyewaua jamaa wa lugha yake na kudai ardhi ya kwao.

Nimeitazama tena filamu ya 1981 na sitajaribu kuificha aibu yake. Ni filamu ya kukimbizana. Matukio yanafuatana kama vichwa vya habari vya gazeti: hapa mapinduzi, hapa Waasia, hapa mauaji, hapa Entebbe, na mtazamaji hapewi nafasi ya kupumua wala kuelewa. Damu ni nyingi kupita kiasi. Kuna vichwa vya watu ndani ya jokofu, na Amin anaonyeshwa akila nyama ya binadamu. Jambo hilo la mwisho linaniudhi hadi leo. Uvumi wa ulaji watu ulizagaa sana, lakini haukuwahi kuthibitishwa, na filamu iliuchukua ikauonyesha kama jambo lililotokea. Mauaji yaliyothibitishwa yalitosha. Makadirio ya waliokufa chini ya Amin yanaanzia makumi ya maelfu na kufika 500,000, na hakuna haja ya kuongeza jokofu ili dunia ishtuke. Kibaya zaidi, dikteta anapogeuzwa zimwi, mtazamaji haulizi tena ni akina nani waliomsaidia, ni nchi zipi zilizompa silaha, wala ni kwa nini watu walimshangilia alipoingia.

Walimshangilia kweli. Januari 1971 mitaa ya Kampala ilijaa watu wakicheza, hasa watu wa Buganda waliokuwa na uchungu na Obote kwa kumwondoa Kabaka, mfalme wao. Amin aliwavuta upande wake haraka: aliuleta mwili wa Kabaka Mutesa II, aliyefia London mwaka 1969, ukazikwa nyumbani kwa heshima. Filamu ya Patel haina muda wa mambo kama hayo.

Hapo ndipo filamu ya 2006 inapoishinda ya kwanza, na inaishinda kwa mbali. Amin wa Whitaker anacheka, na mtazamaji anacheka naye. Anasimama mbele ya wanakijiji na kuwaambia yeye ni mtu wa chini kama wao, na wewe uliyeketi kwenye kiti chako unatamani kumwamini. Anambadilishia daktari kijana wa Scotland shati lake la kijeshi kwa fulana yenye jina la Scotland, kwa furaha ya mtoto. Kisha, katikati ya mazungumzo, macho yanabadilika, na chumba kizima kinanyamaza. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo na alikaa Uganda akizungumza na watu waliomjua Amin, na juhudi hiyo inaonekana katika namna anavyobeba mwili wake, katika lafudhi, katika vicheko vyake. Ni uigizaji unaoeleza, na ndiyo maana unatisha kuliko majokofu yote ya mwaka 1981. Filamu yenyewe ilipigwa Uganda, na waigizaji wa huko kama Stephen Rwangyezi na Abby Mukiibi wamo. Barabara ni za Uganda kweli, jua ni lake, wala hakuna mahali palipojifanya Kampala.

Kwa ufundi, basi, hakuna mashindano. Mwanga, sauti, uhariri, mavazi, muziki: filamu ya Macdonald imekomaa kwa kila kipimo. Lakini nilitaja daktari kijana wa Scotland, na hapo ndipo ninapokwama.

Daktari huyo, Nicholas Garrigan, aliyeigizwa na James McAvoy, hakuwahi kuwepo. Mwandishi Foden alimbuni, akichota kidogo kutoka kwa wazungu waliokuwa karibu na Amin, hasa Bob Astles. Filamu inaanzia kwao Scotland, kijana amechoka na baba yake, anazungusha tufe la dunia na kuapa kwamba atakwenda popote kidole kitakapoangukia. Mara ya pili kidole kinaangukia Uganda. Kuanzia hapo hatuoni chochote ambacho yeye hakioni. Uganda inakuwa mahali ambapo kijana wa Ulaya anapotea na kujipata. Waganda wenyewe wanapita pembeni ya safari yake: wanamtibia, wanampenda, wanamwonya, wanakufa.

Mfano ulio wazi zaidi ni kifo cha Kay. Kay Adroa alikuwa mke wa Amin, na mwaka 1974 mwili wake ulipatikana ukiwa umekatwakatwa ndani ya gari la daktari Mganda, Peter Mbalu-Mukasa, ambaye naye alijiua. Hayo ni mambo yaliyotokea kwa watu wenye ndugu na wazazi. Katika filamu ya 2006, mpenzi wa Kay ni Garrigan. Daktari wa kweli amefutwa, na mahali pake pamewekwa Mskoti wa kubuni. Kerry Washington anamwigiza Kay kwa hadhi kubwa, lakini kifo chake kinatumika kumfundisha Garrigan uchungu. Mganda aliyelipa kwa uhai wake hana hata kaburi ndani ya hadithi hiyo.

Sasa rudi kwenye filamu ya 1981, ile yenye damu nyingi na mwendo wa kukimbizana. Mmoja wa wahusika wake wakubwa ni daktari pia. Anaitwa Dkt Michael Oloya, na ameigizwa na Thomas Baptiste, mzaliwa wa Guyana. Ni Mwafrika, na jina lake ni la kaskazini mwa Uganda, jina ambalo mtu wa Homa Bay angelisoma bila kujikwaa. Patel, kwa udhaifu wake wote wa kiufundi, aliona kwamba mtu mwenye elimu na dhamiri anayeshuhudia uovu wa Amin anaweza kuwa Mganda. Robo karne baadaye, kwa fedha nyingi zaidi na vipaji vingi zaidi, waliotengeneza upya hadithi hiyo waliona mtu huyo lazima atoke Scotland.

Na filamu ya pili inajua inachofanya. Karibu na mwisho, Garrigan akiwa ametundikwa kwa kulabu katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Dkt Junju, Mganda aliyeigizwa na David Oyelowo, anamfungua. Anamwambia aende akaieleze dunia, kwa kuwa yeye ni mzungu na watamsadiki. Garrigan anapanda ndege pamoja na mateka walioachiliwa. Junju anapigwa risasi. Ni tukio zito na limeigizwa vizuri sana, lakini pia ni ungamo la filamu nzima. Hadithi ya Uganda imepewa mzungu aibebe, na Mganda aliyemkabidhi mzigo huo amekufa dakika hiyohiyo.

Kisha filamu inakwisha. Mskoti ameondoka, kwa hiyo hadithi imekwisha. Miaka mitatu iliyobaki ya Amin inatajwa kwa maandishi machache kwenye kioo. Luwum hayumo. Vita havimo. Wanajeshi wa Tanzania hawamo. Hao Wakenya zaidi ya 200 waliouawa baada ya Entebbe hawamo hata kwa sentensi moja.

Hapa filamu ya Patel ina haki ya kutetewa. Imebeba neno la anguko kwenye jina lake, na inakwenda hadi kwenye anguko. Kwa mtu wa Migori hilo si jambo dogo, kwa sababu baadhi ya walioleta anguko hilo walitoka jirani mwake. Amin alivamia Kagera nchini Tanzania tarehe 30 Oktoba 1978, na jeshi la Mwalimu Nyerere likasonga hadi Kampala, ambayo ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mmoja wa makamanda wa brigedi zilizofika Kampala alikuwa Mwita Marwa, na yeyote aliyelelewa Kehancha au Isebania anajua jina hilo linatoka wapi. Wakurya wamegawanywa na mpaka: upande mmoja ni Migori, upande wa pili ni Tarime katika Mkoa wa Mara, mkoa aliozaliwa Nyerere mwenyewe kule Butiama. Tangu enzi za King's African Rifles, Wakurya wamejulikana kwa kujiunga na jeshi, na vijana wa Tarime walikuwamo kwenye safu zilizovuka mto Kagera. Wakati huohuo mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa, tangu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika hadi mwaka 1983. Mama wa Isebania angeweza kuwa na mpwa wake vitani Uganda, na asiweze kuvuka hatua chache hadi Sirari kuuliza kama yu hai.

Filamu ya mama kama huyo bado haijatengenezwa. Si ya 1981 wala ya 2006 inayomfikia mama huyo. Lakini ya kwanza walau inaacha mlango wazi, kwa kukubali kwamba Amin aling'olewa na majeshi ya Waafrika na haikutosha Mskoti mmoja kutoroka na siri zake.

Kuna jambo jingine ambalo filamu ya kwanza inalo na ya pili haiwezi kulinunua. Ilitengenezwa na watu ambao jeraha lilikuwa bado bichi. Denis Hills, mwalimu Mwingereza ambaye Amin alimhukumu kifo mwaka 1975 kwa maneno aliyoyaandika katika mswada wa kitabu, na ambaye aliokolewa baada ya waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, James Callaghan, kusafiri hadi Kampala, anajiigiza mwenyewe ndani ya filamu hiyo. Fikiria mtu aliyeketi akingoja kupigwa risasi, kisha miaka mitano baadaye anaketi tena kwenye kiti kama kile mbele ya kamera. Hakuna mswada unaoweza kubuni kitu kama hicho.

Haraka peke yake haileti ukweli, hilo pia nakubali. Uvamizi wa Entebbe ulitokea Julai 1976, na kabla ya mwaka kuisha runinga ya Marekani ilikuwa imeonyesha *Victory at Entebbe*; mwezi mmoja baadaye ikaja *Raid on Entebbe*, halafu Waisraeli wakatoa *Operation Thunderbolt*. Mwaka 2018 ikatengenezwa nyingine, *7 Days in Entebbe*. Katika zote, Amin ni jitu linaloingia na kutoka, na Uganda ni uwanja wa ndege. Filamu ya Patel inatofautiana nazo kwa sababu waliofanya kazi ndani yake walikuwa majirani, na jirani hujua kwamba baada ya ndege kuondoka kuna watu wanaobaki.

Olita mwenyewe alibaki na Amin maisha yake yote. Mwaka 1991 Mira Nair alimwita tena kumwigiza kwa muda mfupi katika *Mississippi Masala*, filamu ya Denzel Washington na Sarita Choudhury kuhusu familia ya Kiasia iliyofukuzwa Kampala na kuishia kusini mwa Marekani. Ni filamu nzuri kuliko zote mbili ninazozilinganisha, na sababu yake ni kwamba Nair hakumfanya Amin kuwa kitovu. Alimfuata baba mmoja Mwasia ambaye moyo wake ulibaki Kampala, na rafiki yake Mwafrika aliyeachwa nyuma. Amin wa Olita anapita tu, lakini kivuli chake kinaangukia kila chumba kwa karibu miaka 20. Filamu hiyo ilirekebishwa upya kwa ubora wa 4K, na mwaka 2022 ikarudi kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Olita hakuiona siku hiyo. Alifariki Juni 2014 nyumbani kwake Siaya. Whitaker ana Oscar. Olita, aliyemwigiza Amin robo karne kabla yake na bila kuhitaji kufundishwa lafudhi ya Afrika Mashariki, hana hata tamasha moja la filamu katika eneo la ziwa lenye jina lake.

Nikiulizwa ni ipi bora, nitajibu bila kuzunguka: *The Last King of Scotland* ni sinema bora. Nikiulizwa ni ipi ingeonyeshwa kwanza kwa wanafunzi wa sekondari wa Homa Bay na Migori, nitasema ile ya 1981, mwalimu akiwa amesimama kando kueleza kipi ni historia na kipi ni uvumi. Kisha ya 2006, ili waone jinsi ustadi mkubwa unavyoweza kuhamisha macho ya hadithi kutoka kwa wenyewe hadi kwa mgeni, na mtazamaji asihisi chochote kwa sababu imefanywa vizuri. Kijana anayejifunza kuliona hilo kwenye filamu moja ataliona kwenye nyingine.

Tatizo ni upatikanaji. Katika maduka ya muvi ya Migori mjini, Awendo au Mbita, mahali unapopeleka flashi ukajaziwa filamu, ya Whitaker haikosi kupatikana. Ya Olita inakuja ikiwa na picha iliyofifia na sauti inayokwaruza, nakala ya nakala ya kanda ya zamani ya VHS. Filamu iliyopigwa Kenya, ikiwa na mwigizaji mkuu wa Kenya, katika mwaka ambao historia ilikuwa bado moto, haipaswi kutufikia katika hali hiyo. Uganda imetuonyesha njia. Mwaka 2015 hasi za picha zipatazo 70,000 za enzi za Amin zilipatikana kwenye shirika la utangazaji la nchi hiyo. Zikaanza kusafishwa na kuingizwa kwenye kompyuta, na mwaka 2019 sehemu yake ikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Watu walikwenda kuangalia na kuwatambua jamaa zao. Kaunti ya Migori, inayojua thamani ya kuhifadhi tangu Thimlich Ohinga ilipoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, haihitaji kufundishwa somo hili.

Kuna suala la lugha pia. Filamu zote mbili ni za Kiingereza. Afrika Mashariki imekwisha kupata dawa ya hilo: DJ Afro nchini Kenya, VJ Jingo kwa Kiganda, na kabla yao Lufufu wa Dar es Salaam, wote wamewasimulia watazamaji filamu za kigeni kwa lugha wanayoielewa, wakieleza, wakifafanua, wakiongeza chumvi. Msimulizi mzuri wa Kiswahili au Dholuo akiichukua filamu ya Patel, ataweza kusema pale picha inapodanganya na kujaza pale inaponyamaza. Hiyo nayo ni namna ya kuitengeneza upya, na gharama yake ni ndogo.

Majirani hawa bado wanaishi pamoja. Watu wa Nyatike wanaovua karibu na Migingo, kisiwa ambacho sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 131, wameishi na sare za polisi wa Uganda kwa miaka mingi, na mzozo wa kisiwa hicho uliwarudisha wazee kwenye ramani ile ya Amin ya 1976. Kwa hiyo hadithi hii haijazeeka.

Ombi langu kwa serikali za kaunti za Migori na Homa Bay, na kwa Kenya Film Commission, ni hili. Tafuteni nakala nzuri ya *The Rise and Fall of Idi Amin*, kubalianeni na wenye haki, na muihifadhi hapa Kenya. Ionyesheni Homa Bay na Isebania kwa uwanja ulio wazi, na usiku unaofuata onyesheni *The Last King of Scotland*. Kabla ya mashine kuwashwa, wapeni kipaza sauti waliofukuzwa Uganda mwaka 1970, waliokimbia mwaka 1976, na waliokuwa na ndugu zao kwenye safu za Kagera, na kila neno lirekodiwe. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 alipofukuzwa Kampala sasa ana zaidi ya miaka 75. Fanyeni hivyo mwaka huu.